Milima Haikutani

Milima haikutani, binadamu hukutana. Waliotuachia methali hii walikuwa wakifarijiana. Huambiwa mtu anayeaga gatini, au anayepanda gari la moshi alfajiri, kwamba asihuzunike. Maadamu ana miguu na uhai, ipo siku nyuso zitaonana tena. Wapo pia wanaoitumia kwa kutishana: umenidhulumu leo, haya, tutakutana. Lakini iwe kwa faraja au kwa kitisho, methali hii imesimama juu ya ardhi. Haikupata kumfikiria mwanadamu aliyepewa mbawa. Huko juu, kukutana ni mauti ya papo hapo, na sehemu kubwa ya elimu ya urubani, ukiondoa namna ya kupaa na ya kutua, ni elimu ya kutokutana.

Naandika haya nikiwa Igogo, Mwanza, mahali ambapo milima inakaribia kukutana kwelikweli. Nyumba zetu zimepachikwa baina ya majabali, msingi wa hii ukikabili paa la ile, na mvua ikinyesha vijia vyetu hupandwa kwa mikono na miguu. Chini yetu ni Bandari ya Mwanza Kusini, ambako meli ya MV Umoja hupakia mabehewa ya reli na kuyavusha ziwa hadi Port Bell, Uganda. Mbele ya bandari ni ghuba, na ng'ambo ya ghuba ni Sengerema. Kiwanja cha ndege kiko kaskazini ya jiji, wilayani Ilemela, kando ya ziwa. Kutoka kwenye majabali haya mtu hutazama kwa mbali ndege zikizunguka kabla ya kushuka: zile kubwa za Dar es Salaam, na zile ndogo zenye injini moja, zichukuazo watu kumi na kitu, zinazotoka Bukoba, Serengeti na kwenye migodi.

Kiswahili kimezipa jina moja na viumbe wenye manyoya, kikatofautisha kwa kiambishi tu: ndege huyu, ndege hii. Na wazee wa pwani wana ndege wa tatu, yule wa bahati, ndege njema na ndege mbaya. Nimekuwa nikijiuliza kwa muda mrefu ni nini kinachozizuia ndege hizi ndogo zisigongane, na kadiri nilivyouliza na kusoma, ndivyo nilivyozidi kurudishwa kwenye jambo ambalo wasomaji wa jarida la mashairi wana haki ya kulijua: mara nyingi kizuizi ni maneno. Mtu asiyemwona mwenzake amesema mahali alipo, na mwenzake amemsikia na kumwelewa.

Anayesimama chini hudhani anga ni pana mno kiasi kwamba vyombo viwili kukutana ni bahati nasibu. Upana huo ni wa kweli kwa anayepita, si kwa anayefika. Atazame mtu ng'ombe wa Usukumani. Mchana kutwa wametawanyika mbugani, kila mmoja na majani yake, lakini jioni wote huelekea lambo moja, na hapo ndipo pembe hugusana. Kiwanja cha ndege ni lambo la angani. Ndege zilizotengana kwa mamia ya kilomita hubanwa katika njia moja, kimo kimoja, kuelekea ukanda mmoja wa lami. Ndiyo maana migongano ya ndege ndogo aghalabu hutokea karibu na viwanja, mchana kweupe, hali ya hewa ikiwa nzuri, na mara kwa mara ndege yenye kasi ikiiparamia kwa nyuma ile iliyotangulia kwenye mstari wa kutua. Jua linapowaka na upeo ukiwa safi, marubani wengi huruka, na kila mmoja huyaamini macho yake.

Na macho, katika jambo hili, yana udhaifu wa ajabu. Jicho la mwanadamu limeumbwa kushtushwa na kitu kinachosogea. Kitu kinachopita mbele ya kioo, kutoka kushoto kwenda kulia, hulivuta jicho upesi, ilhali kitu hicho hakina hatari, kwa kuwa kitapita mbele au nyuma. Ndege itakayokugonga haisogei. Ikiwa nyote mnakwenda kwa mwendo usiobadilika kuelekea nukta moja, mwenzako ataonekana amesimama palepale kwenye kioo chako, kama alama ya nzi. Ataonekana hivyo kwa dakika nzima, mdogo, mtulivu, hata ukadhani ni doa la uchafu. Kisha katika sekunde chache za mwisho doa hilo litachanua na kujaza kioo. Manahodha wa visiwani wanalijua jambo hili tangu kale: chombo ambacho upande wake haubadiliki, na umbali unapungua, ndicho cha kuogopwa.

Hesabu yake ni ya kutisha. Ndege mbili ndogo, kila moja ikienda kilomita 220 kwa saa, zikielekeana uso kwa uso hukaribiana kwa mita 122 kila sekunde. Kilomita moja na nusu humalizika kwa sekunde 12 na ushei. Nao waraka wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, unaofundishwa kwa marubani wanafunzi, unakadiria kwamba tangu jicho lilipoona hadi ndege ianze kukwepa, yaani kuona, kutambua, kuamua, kuvuta usukani na chombo kuitikia, hupita sekunde 12.5. Kwa maneno mengine, atakayemwona mwenzake akiwa umbali huo amekwisha kuchelewa. Fauka ya hayo, kila umbo la ndege lina kipofu chake. Yenye mbawa juu ya paa huona vizuri ardhi na vibaya mbingu. Yenye mbawa chini huona mbingu na hukosa kilicho chini ya tumbo lake. Ya kwanza ikiwa chini na ya pili juu, zote zikishuka kwenye lambo moja, marubani wawili wenye macho mazima wanaweza kushuka pamoja hadi mwisho bila hata mmoja kumwona mwingine.

Ikitajwa ajali ya ndege, sisi wa kanda ya ziwa hukumbuka kwanza Bukoba, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia majini karibu na kiwanja na kuua watu 19. Hiyo ilikuwa balaa ya namna nyingine. Balaa ninayoizungumzia iliwafika majirani zetu wa Nairobi tarehe 5 Machi 2024. Asubuhi hiyo ndege ya abiria aina ya Dash 8 ya kampuni ya Safarilink iliondoka Uwanja wa Wilson kuelekea Diani ikiwa na watu 44. Wilson ni mahali ambapo ndege za abiria, za watalii na za wanafunzi wa urubani hugawana anga moja. Punde baada ya kupaa waliomo walisikia kishindo. Rubani aligeuza, akatua salama. Ndege nyingine, Cessna 172 ya chuo cha urubani, iliyokuwa katika mafunzo, ilianguka ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Mwalimu na mwanafunzi wake walikufa. Watu 44 walirudi nyumbani kusimulia kishindo, na wawili hawakurudi. Niliposoma habari ile nilimfikiria zaidi mwanafunzi, ambaye wiki zile bila shaka alikuwa akifundishwa hayo hayo: tazama, sema, sikiliza.

Sheria za kukwepana zipo, na uzuri wake ni kwamba zinafanana na za majini. Mkikabiliana uso kwa uso, kila mmoja apinde kulia. Njia zenu zikikatana, anayemwona mwenzake kuliani kwake ndiye ampishe. Mkishuka wote kutua, aliye chini ana haki ya kutangulia, ila haki hiyo asiitumie kumkatiza mwenzake. Inafurahisha kuona kwamba ndege wenye manyoya wametutangulia katika fikra hii. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitangaza matokeo ya jaribio ambalo kasuku wadogo waliachiwa waruke wakielekeana ndani ya njia nyembamba, zaidi ya mara mia. Hawakugongana hata mara moja. Kila mmoja alipinda kulia, na aghalabu mmoja alipita juu na mwingine chini. Lakini kasuku huenda taratibu na huona mbali kwa kadiri ya mwendo wake. Sisi tumejipa kasi ambayo macho tuliyopewa hayakukusudiwa.

Ndipo tukatafuta macho mengine. Watanzania wengi neno rada huwakumbusha kesi. Rada iliyonunuliwa kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems, iliyoanza kazi Dar es Salaam mwaka 2002, iligharimu pauni milioni 28, na bei yake ikazua lawama ndani na nje ya nchi. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani nchini kwao kosa la kutotunza ipasavyo hesabu za biashara hiyo, na mwaka 2012 Tanzania ikalipwa pauni milioni 29.5, ambazo zilielekezwa kwenye vitabu na madawati ya shule za msingi. Mtu wa Mwanza, fauka ya kesi, anaikumbuka rada ile kwa umbali wake, kwani jicho lile moja la Dar es Salaam halikufika kwetu. Mwaka 2018 liliwekwa jiwe la msingi la mradi wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na hapo ndipo ziwa letu likaingia katika hesabu ya kuonekana.

Kabla ya hapo waongozaji ndege wa Mwanza walifanya kazi yao kwa masikio. Kila ndege iliandikwa kwenye kipande chembamba cha karatasi. Rubani aliulizwa yuko wapi, kimo gani, atafika saa ngapi, na kwa majibu hayo muongozaji akaichora anga nzima akilini mwake, akawatenganisha watu asiowaona kwa dakika na kwa futi. Ni kazi inayostahili heshima kuu. Wala haijaisha. Rada haioni vema nyuma ya vilima wala karibu na ardhi, na viwanja vingi vya changarawe na nyasi, vya hifadhini na vya visiwani, havina mnara wala muongozaji. Huko marubani hujiongoza wenyewe kwa kutangaza katika masafa ya hadhara: jina la kiwanja, mimi ni nani, niko wapi, kimo changu, nataka kufanya nini, kisha jina la kiwanja tena.

Mshairi atautambua mpangilio huo. Una kituo chake na kibwagizo chake, na sababu yake ni ile iliyowafanya mababu zetu wapende vina na mizani: sikio linalojua kitakachokuja huona mara moja kilichokosekana. Mtu akitaja mahali asitaje kimo, wasikilizaji wote hushtuka, kama hadhira inavyoshtuka mshororo unapopungua mizani. Nilipoelewa hivyo niliacha kuona lugha ya redio kuwa kavu. Imekaushwa kwa makusudi, ili isioze.

Miaka kadhaa iliyopita nilichukuliwa kuwafasiria madaktari wageni waliokwenda kutibu watu upande wa magharibi ya ziwa. Kiwanja sikitaji, wala wenye ndege, maana hakuna aliyekusudia ubaya. Ndege yetu ilikuwa ya watu sita, na mimi nilipewa kiti cha mbele, kando ya rubani, nikavishwa spika za masikioni. Rubani alikuwa mtu wa makamo kutoka Ulaya, mpole, ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Tulipokaribia alitangaza kwa Kiingereza, kwa ule utaratibu niliousema: tunatoka upande wa ziwa, kimo kadhaa, tunashuka kutua. Hakujibiwa. Baada ya kitambo ikaingia sauti ya kijana, kwa Kiswahili, ikizungumza na mtu aliyeko chini: "Bwana, mimi ndiyo nashuka hivyo, naingilia upande wa ziwani. Mzigo uko tayari?"

Rubani wetu hakugeuza uso. Kwake ilikuwa mazungumzo ya watu. Nilimwambia kwa Kiingereza: huyu anasema anashuka sasa hivi, upande wetu. Hakuniuliza mara ya pili. Aliacha kushuka, akapinda kulia, huku uso wake ukiichunguza anga kipande kwa kipande, kama mtu anayetafuta sindano mkekani. Kisha akanyoosha kidole. Kushotoni, chini yetu, palikuwa na mbawa nyeupe juu ya maji ya kijani, ikienda kasi kuliko sisi, ikielekea palepale tulipokuwa tukielekea. Ilikuwa karibu kiasi cha kuziona namba zilizoandikwa juu yake. Ndege yetu, yenye mbawa juu, haikuwa mbovu, na macho ya rubani wetu yalikuwa bora kuliko yangu. Mwenzetu alikuwa tayari chini yetu na nyuma kidogo, mahali ambapo macho yetu hayakuwa na njia ya kufika kwa wakati.

Tulizunguka, tukatua baada yake. Marubani walipeana mikono; kijana alikuwa Mtanzania, msafi, mwenye adabu, aliyehamia masafa yale baada ya mwenzake kwisha kunena. Alinivuta pembeni. "Mwalimu, si ulinisikia? Mimi nilisema."

"Ulisema, mwanangu," nikamjibu. "Ila ulimwambia mwenye mzigo."

Alinyamaza. Kisha alimrudia yule mgeni, wakasimama wawili kivulini mwa mbawa wakichora hewani kwa viganja, huyu alikuwa hapa na huyu hapa, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kushusha mizigo yetu.

Jambo lile ni dogo mbele ya yaliyokwisha kutokea duniani. Tarehe 10 Septemba 1976, juu ya Zagreb, ndege ya British Airways iliyotoka London kwenda Istanbul iligongana na DC-9 ya Inex-Adria iliyotoka Split. Watu wote 176 walikufa. Muongozaji, aliyezidiwa na kazi, alipotambua hatari katika sekunde za mwisho, aliisemesha DC-9 kwa lugha yao ya nyumbani. Waingereza waliokuwa katika masafa yaleyale walisikia sauti wasielewe kwamba inawahusu. Na tarehe 1 Julai 2002, juu ya Überlingen, Ujerumani, vifaa vya kuonya vilivyomo ndani ya ndege mbili viliamuru moja ipande na nyingine ishuke, ilhali muongozaji, aliyekuwa peke yake mezani usiku ule, aliamuru ile ya kupanda ishuke. Zikashuka zote mbili. Watu 71 walikufa, wengi wao watoto waliokuwa wakienda likizoni. Tangu hapo ikasisitizwa duniani kote kwamba amri ya kifaa itangulie ya mtu. Ndege nyingi ndogo za kwetu hazina kifaa hicho. Zina redio, na zina kioo.

Hapa napenda kusema jambo ambalo katika jarida la Kiswahili linaweza kuonekana usaliti. Nimeila lugha hii na nimeivaa. Nilifurahi kama wengine UNESCO ilipoitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021. Wapo rafiki zangu wanaouliza kwa uchungu kwa nini katika anga letu wenyewe marubani wetu wasinene lugha yetu. Swali hilo lina heshima yake mahakamani, bungeni na darasani. Angani naliona limekosa mahali. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga limeweka kiwango cha Kiingereza ambacho rubani na muongozaji wa safari za kimataifa lazima wakifikie, na si kwa sababu Kiingereza kina utukufu. Wale wa Zagreb walikuwa na lugha nzuri kama yetu. Neno la redio halina mwenyewe. Ni la kila aliye karibu, hata mgeni usiyejua kama yupo, na kipimo chake ni kama yule aliye mgeni kuliko wote amelielewa. Kiswahili chenyewe kilikua hivyo. Kilienea kutoka pwani hadi kwenye maziwa makuu kwa kuwa watu wasiofahamiana, sokoni na safarini, walihitaji lugha ambayo mgeni angeielewa. Anayeishika redio kwa Kiingereza kikavu, mbele ya mgeni asiyemwona, anafanya kazi ileile waliyoifanya wapagazi na manahodha waliotupa lugha hii.

Methali nyingine yasema kimya kingi kina mshindo mkuu. Marubani wa viwanja visivyo na mnara wangeweza kuitundika mbele ya usukani. Kimya cha masafa hakimaanishi anga ni tupu; pengine mwenzako yuko masafa mengine, au redio yake imekufa, au anafikiri ameshasema.

Basi, msomaji, safari ya Dar es Salaam hadi Unguja kwa ndege ndogo ni ya dakika 20 hivi, na wengi wetu huimaliza tukitazama rangi za maji. Ukijaaliwa kiti cha mbele siku nyingine, tazama pia kioo. Ukiona doa lisilosogea, usisubiri likue, wala usione haya kwamba wewe ni abiria tu. Mguse rubani begani, umwoneshe kwa kidole. Likiwa ni uchafu wa kioo, atalifuta akifika.